Sindano za Magoti: Je, Tuuze Ng'ombe?

Majuma mawili yaliyopita nilikwenda kumtazama bibi mmoja jirani yetu, mjane wa miaka 65, mwenye shamba la mahindi na mihogo kando ya barabara. Nilimkuta amekaa kigodani, mguu mmoja ameunyoosha mbele, goti limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Uniwie radhi siinuki. Goti hili limenifunga kama mbuzi."

Basi akanieleza shauri lililokuwa likimsumbua. Kijana wake, aliye dereva huko Nairobi, amempigia simu na kumwambia kuwa mjini wako madaktari wanaodunga sindano gotini, na goti likawa kama jipya. Si dawa ya kutuliza maumivu tu. Ati ni damu ya mgonjwa mwenyewe: huchukuliwa mkononi, huzungushwa katika mashine, kisha hurudishwa gotini ili ioteshe tena kile kilichosagika. Sindano ni tatu, na gharama yake, pamoja na nauli na malazi, ni sawa na ng'ombe wawili. Bibi anao watatu, na maziwa yao ndiyo yanayolipa mahitaji ya mjukuu aliye shule ya sekondari.

"Wewe husoma sana," akaniambia. "Niambie kweli. Niuze?"

Sikuweza kumjibu siku ile. Nilimwomba anipe juma moja, nikaenda kutafuta. Niliyoyapata ndiyo haya. Nayaandika hapa kwa kuwa najua wako wazee wengi wenye goti kama lile, na wako vijana wengi mijini wenye moyo mwema kama yule dereva.

Goti ni kitu gani

Kwanza yafaa tulijue goti lenyewe. Mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake ipo pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu. Gegedu ni ile nyama ngumu, nyeupe, yenye kuteleza, unayoiona mwisho wa mfupa ukila paja la kuku. Mifupa imefungwa pamoja kwa kano, kama vile boriti za nyumba zifungwavyo kwa kamba. Ndani mna ute kidogo mfano wa ute wa yai. Huo ndio mafuta ya mashine hii.

Sasa kumbuka siku ulipojikata kidole kwa panga. Damu ilitoka, ikaganda. Siku ya pili kidole kilivimba, kikawa chekundu na chenye moto, kikauma. Watu wengi hudhani uvimbe ule ni ugonjwa. La, ule ni dalili kwamba mafundi wamefika kazini, nao wameletwa na damu. Wengine huondoa uchafu na nyama iliyokufa, wengine hufuma nyuzi mpya, na nyuzi hizo hukazwa polepole kwa majuma na miezi hata kovu likawa imara.

Walakini kano hupata damu kidogo sana, ndiyo sababu mguu ulioteguka huweza kumsumbua mtu miezi mingi. Na gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Hula kwa kunyonya ule ute, likibanwa na kuachiwa kama sifongo kila mtu anapotembea. Kwa hiyo gegedu likisagika hapana barabara ya kuwaleta mafundi. Hapo ndipo ilipo shida ya wazee wote wenye magoti mabovu, na hapo ndipo wenye sindano hizi wanapoanza maneno yao. Wanasema: kama mafundi hawaji wenyewe, basi tuwaite kwa nguvu.

Chuma cha moto na maji ya sukari

Wazo hili si jipya hata kidogo. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, huko Ugiriki, tabibu Hippocrates na wanafunzi wake waliwatibu watu ambao bega lao liliteguka mara kwa mara. Walichoma ngozi ya kwapani kwa chuma cha moto, ili kovu litakalotokea likaze bega lisitoke tena. Msomaji aliyewahi kuona mzee mwenye alama za moto kiunoni au magotini hatashangaa sana.

Katika karne iliyopita chuma kiliwekwa kando, ikashikwa sindano. Mwaka 1937 daktari mmoja wa Marekani, Earl Gedney, aliandika habari za kudunga dawa kali katika viungo vilivyolegea. Baadaye akatokea daktari mpasuaji wa mji wa Canton, katika jimbo la Ohio, jina lake George Hackett. Huyu alikuwa akiwapima wafanyakazi walioumia kazini, akaona kwamba wengi wenye maumivu ya mgongo hawana mfupa mbovu. Akashika neno hili: kilichoharibika ni kano, pale zinaposhikana na mfupa. Akaanza kuzidunga mahali pale pale kwa dawa ya kuziwasha, ili pavimbe kidogo na mafundi waje. Alijaribu kwa sungura pia, akaona kano zao zimenenepa.

Mwaka 1956 alitoa kitabu, na matibabu yake akayapa jina la proloterapia. Wanaokumbuka Kilatini cha zamani watalitambua neno lililo ndani yake: proles, yaani uzao. Maana yake ni matibabu ya kuzalisha nyama mpya. Mwenyewe aliandika kwamba zaidi ya wagonjwa wanane katika kila kumi walijiona wamepona.

Lakini dawa za siku zile zilikuwa kali, na si kila mkono ulikuwa mwangalifu. Kuanzia mwaka 1959 majarida ya madaktari huko Marekani yalitoa habari za kupooza miguu na za kifo baada ya sindano za namna hii kudungwa karibu na uti wa mgongo. Hofu ikaingia. Waliobaki na matibabu hayo wakageukia kitu cha upole zaidi, nacho ni maji ya sukari ya glukosi, sukari ile ile tuionayo katika chupa za hospitali, ila nzito zaidi. Hata Daktari C. Everett Koop, aliyekuwa Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani tangu 1982 mpaka 1989, alidungwa sindano hizi kwa maumivu yake mwenyewe, akazisifu hadharani.

Jivu na mvua

Je, mtu mkubwa kama huyo akisifu, si inatosha? Hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha habari yote.

Mkulima mmoja amemwaga jivu shambani mwake. Mwaka ule mvua ikawa njema, akavuna magunia mengi. Anakwenda huku na huku akilisifu jivu. Si mwongo, magunia tunayaona. Lakini ni jivu, au ni mvua? Hapana njia ya kujua, isipokuwa kama angaliacha nusu ya shamba bila jivu, udongo ule ule, mbegu ile ile, mvua ile ile, kisha akapima nusu zote mbili.

Bwana Hackett hakuacha nusu ya shamba. Aliwadunga wote, wengi wakapona, akafurahi. Nasi twajua kwamba maumivu ya viungo huja na kuondoka. Leo goti lakataa hata kukunjwa, baada ya miezi mitatu mtu analima. Tena mgonjwa huenda kwa daktari siku maumivu yamefika kileleni, na baada ya kilele, mara nyingi ni kuteremka tu, awe amedungwa au hakudungwa.

Kwa hiyo madaktari wa siku hizi hugawa wagonjwa kwa kura. Nusu hudungwa dawa, nusu hudungwa maji ya chumvi tu, na mgonjwa haambiwi amepata ipi. Huko Australia walifanya hivyo kwa watu 110 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wakatoa habari mwaka 2004. Waliodungwa glukosi walipata nafuu. Waliodungwa maji ya chumvi nao walipata nafuu! Tofauti kati yao ilikuwa ndogo, isiyoweza kutegemewa.

Lakini nisije nikaonekana nachagua habari za upande mmoja. Mwaka 2013, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, watu 90 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa makundi matatu: sindano za glukosi, sindano za maji ya chumvi, na mazoezi ya nyumbani. Baada ya mwaka mmoja kundi la glukosi lilikuwa limepata nafuu kubwa kuliko makundi mengine. Watu 90 katika makundi matatu ni wachache, lakini habari hiyo ipo, na wenye sindano wana haki ya kuitaja.

Damu ya mtu mwenyewe

Sasa tuje kwenye sindano ya yule dereva, maana siyo ya sukari bali ya damu.

Katika damu yetu, pamoja na chembe nyekundu na nyeupe, mna vipande vidogo sana viitwavyo chembe sahani. Hivi ndivyo vinavyoziba jeraha na kugandisha damu. Tone dogo kama kichwa cha pini huwa navyo malaki, na kila kimoja huishi siku kama 8 mpaka 10 tu. Ndani yake kimebeba vitu vinavyoita mafundi na kuwaamuru wajenge. Waonaje basi, kama tungechukua chembe sahani nyingi na kuzipeleka pale ambapo damu haifiki?

Ndivyo wanavyofanya. Huchukua damu mkononi, yapata vijiko vichache vya mezani, huiweka katika mashine inayozunguka kwa kasi. Chembe nyekundu, kwa kuwa ni nzito, hushuka chini. Maji ya damu yenye rangi ya manjano hubaki juu pamoja na chembe sahani. Maji hayo huvutwa kwa sindano na kudungwa gotini. Kazi yote haipiti saa moja.

Waliotangulia kuitumia sana ni wapasuaji wa mataya. Mwaka 1998 Daktari Robert Marx wa Marekani na wenzake waliandika kwamba mfupa wa taya uliopandikizwa pamoja na chembe sahani ulikua upesi zaidi. Lakini iliyoifanya ijulikane kwa watu wote ni michezo. Mwezi wa Januari 2009 mchezaji wa mpira wa Kimarekani aitwaye Hines Ward aliumia kano ya goti. Akadungwa damu yake, na baada ya majuma mawili akacheza fainali kubwa kuliko zote za nchi ile, timu yake ikashinda. Magazeti yakapiga mbiu. Ni nani aliyeuliza kama kijana yule mwenye nguvu, aliyezungukwa na matabibu mchana na usiku, asingalicheza hata bila sindano? Sijaona aliyeuliza kwa sauti ya kusikika. Biashara ikaenea dunia nzima, na sasa imefika Afrika Mashariki.

Majaribio ya haki yalikuja nyuma, kama kawaida. Mwaka 2010 huko Uholanzi watu 100 wenye maumivu ya kiwiko walidungwa, wengine damu, wengine dawa ya kortizoni. Baada ya mwaka mmoja wa damu walikuwa na hali njema zaidi. Huo ulikuwa ushindi. Lakini mwaka ule ule, nchi ile ile, watu 54 wenye maumivu ya kano kubwa ya kisigino walidungwa, nusu damu, nusu maji ya chumvi. Haikuonekana tofauti. Mwaka 2021 Waingereza walilirudia jaribio la kisigino kwa watu 240, na safari hii nusu yao walichomwa sindano chini ya ngozi tu, bila dawa yoyote. Haikuonekana tofauti.

Na juu ya goti, jaribio lililonifanya nipate jibu la bibi ni la Australia, la mwaka 2021. Watu 288, wote wenye umri wa miaka 50 au zaidi, wote wenye magoti yaliyosagika kama lake. Walidungwa sindano tatu, moja kila juma, hesabu ile ile aliyoambiwa dereva. Nusu walipata damu yao, nusu maji ya chumvi. Baada ya mwaka waliulizwa maumivu yao kwa kipimo cha 0 mpaka 10. Wa damu walikuwa wamepungukiwa maumivu kwa pointi 2.1. Wa maji ya chumvi, kwa pointi 1.8. Tena walipigwa picha za ndani ya goti ili gegedu lipimwe, kwa maana ahadi ilikuwa ni kuliotesha. Halikuota. Liliendelea kupungua kidogo kwa wote, sawasawa.

Yapo majaribio mengine madogo yaliyoisifu damu gotini, na wako madaktari wakweli wanaoitumia kwa nia njema. Shida moja ni kwamba kila kliniki hupika kivyake: hii huzungusha mara moja, ile mara mbili, hii hutia chembe nyeupe, ile huziondoa. Kwa sababu hiyo pia chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilishauri kwa nguvu kwamba sindano za damu zisitumiwe kwa magoti na nyonga zilizosagika.

Mtu asije akafikiri nasema kwamba wagonjwa wa maji ya chumvi walikuwa wakijisingizia. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na nafuu yao ilikuwa ya kweli. Kupokewa vizuri, kuguswa goti na mtu mwenye elimu, kuwa na tumaini, na kupita kwa siku: hayo yote hupunguza maumivu. Swali ni kama hayo yauzwe kwa ng'ombe wawili.

Wanaouza zaidi ya hayo

Baada ya damu imekuja biashara nyingine, ya chembe za kuzalisha viungo. Wengine huzitoa katika mafuta ya mgonjwa, wengine katika kitovu na damu ya watoto waliozaliwa. Hapa nasema wazi: jihadhari. Mwaka 2018 Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba watu 12 walilazwa hospitali baada ya kudungwa viungoni au mgongoni dawa iliyotengenezwa kwa damu ya kitovu, nayo ilikuwa na vijidudu. Walikuja na maumivu ya goti au mgongo, wakaondoka na usaha.

Sindano yoyote ya kiungo ni mlango. Mwaka 2012, nchini humo humo, dawa ya jamii ya kortizoni iliyoingiwa na kuvu katika kiwanda kichafu iliwaua watu zaidi ya 60 na kuwaugua zaidi ya 700. Na kortizoni yenyewe, hata ikiwa safi, ina mpaka wake. Hutuliza uvimbe upesi, na kwa mtu asiyelala usiku ni msaada mkubwa. Lakini mwaka 2017 ilionekana kwa wagonjwa 140 kwamba waliodungwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa madogo zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu dukani sokoni anadunga magoti "ya kuchoma mara moja," usimpe mguu wako. Kwanza hujui ni dawa gani, pili hujui sindano ile imetoka kwa nani.

Yale yasiyohitaji ng'ombe

Je, bibi akae vivyo hivyo na kitambaa chake? Hapana. Kwanza aende zahanati, goti litazamwe. Si kila goti lenye maumivu limesagika. Goti lililovimba ghafla, jekundu, lenye moto, na mwili una homa, ni shauri la siku ile ile, wala si la kesho. Usaha huweza kuliharibu kwa siku chache. Mtoto ambaye viungo vinamuuma, leo goti kesho kiwiko, baada ya kuugua koo, apelekwe upesi, maana ugonjwa ule huacha viungo ukauharibu moyo. Hayo mazoezi hayayaponyi.

Lakini goti la uzee, lile linalouma wakati wa kupanda kilima na kukakamaa asubuhi, dawa yake ya kwanza ni msuli wa paja. Msuli huo ndio unaobeba goti. Ukilegea, mfupa humwangukia mfupa. Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, hesabu polepole mpaka tano, ushushe. Rudia mara kumi, kisha mguu wa pili. Halafu inuka kitini bila kushika kwa mikono, ukae tena, mara chache kwanza, uongeze kadiri siku zinavyopita. Kutembea nako ni dawa, maana ndiko kunakolilisha gegedu, kama nilivyosema juu ya sifongo. Siku za kwanza litauma kidogo. Usiogope, si kwamba linavunjika. Nafuu haiji kwa siku tatu, huja baada ya majuma sita, nane, kumi na mawili.

Nikiri jambo moja hapa. Mwaka 2022 huko Denmark walilinganisha mazoezi na mafunzo ya majuma nane kwa sindano nne za maji ya chumvi, na mgonjwa aliambiwa wazi kuwa ni maji ya chumvi matupu. Watu walikuwa 206. Nafuu ilikuwa sawa! Hapo hata mazoezi yalipunguziwa sifa, nami niliposoma nilicheka peke yangu. Hata hivyo maji ya chumvi hayampi mtu nguvu ya kuinuka chooni wala kupanda gari, na paja lenye nguvu humpa.

La pili ni uzito. Kwa watu wanene wenye magoti mabovu ilipimwa huko Marekani, ikaonekana kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Bibi yetu si mnene. Lakini hubeba ndoo ya maji ya lita 20 kichwani, mara mbili kwa siku, kutoka bondeni. Sikuona aliyepima ndoo, ila nadhani hesabu haiwezi kuwa mbali sana. Pamoja na hayo iko fimbo, ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, wala si ule mbovu kama wengi wafanyavyo. Viko viatu vyenye kisigino kifupi. Iko dawa ya kupaka ambayo tabibu wa zahanati aweza kumwandikia. Na uko ufundi wa kupalilia ukiwa umekaa kigodani badala ya kuchuchumaa.

Jumapili iliyopita nilirudi kwa bibi na kumweleza hayo yote, pamoja na lile jaribio la watu 288. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Hao waliotiwa maji ya chumvi, walirudishiwa fedha zao?" Nikamwambia kwamba katika majaribio mgonjwa halipi. Akatikisa kichwa. "Basi na mimi wanijaribie bure."

Tulimpigia simu kijana wake pale pale. Hakufurahi. Alikwisha kuona katika simu yake picha za wazee wakipanda ngazi mbio. Alisema, "Mama, mimi nataka upone." Bibi akamjibu, "Najua, baba. Ninunulie toroli la kubebea maji." Wakabishana kidogo juu ya toroli na juu ya ng'ombe, mimi nikatoka nje.

Niliporudi alikuwa amekaa kigodani, mguu ameunyoosha, akihesabu. Alifika nne akaushusha kwa maumivu.

"Nitauinua hivi mpaka mavuno," akasema. "Likikataa, tutazungumza tena habari za ng'ombe."